Mfupa wa kwanza ukivunjika: mwongozo wa kutunza mifupa na nguvu za wazee wetu

Mama yangu alivunjika kifundo cha mkono akiwa na miaka 66, kwenye ngazi za mawe zinazoshuka kutoka nyumbani kwetu Bugarika, jijini Mwanza. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala hakugongwa na pikipiki. Aliteleza akiwa amesimama, akatanguliza mkono, na mfupa ukakatika. Tulipompeleka kutibiwa alipigwa picha, akafungwa ile bandeji ngumu ambayo mtaani tunaiita hogo, akapewa dawa za maumivu, na baada ya wiki sita hogo likatolewa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa wa mtu uvunjike kwa kuteleza tu, na sisi watoto wake hatukuuliza pia, kwa sababu sote tulikuwa na jibu moja mdomoni: ni uzee. Miaka mitatu baadaye aliinama kunyanyua ndoo iliyokuwa na maji nusu, akasikia kitu kimekatika mgongoni, na tangu siku ile kimo chake hakikurudi.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya familia ambazo ziko pale tulipokuwa sisi siku hogo lilipotolewa. Mfupa unaovunjika kwa mtu kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, au kwa jambo dogo kuliko hilo, ni dalili ya ugonjwa. Ugonjwa huo una jina na una tiba, na wakati wa kuushughulikia ni mara tu baada ya mfupa wa kwanza, kabla mgongo na nyonga havijafuata.

Kinachotokea ndani ya mwili

Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna chembehai zinazobomoa mfupa uliochakaa na nyingine zinazojenga mpya mahali pale pale, kama mafundi wawili wanaokarabati nyumba moja bila kumhamisha mwenye nyumba. Hadi mtu anapofikia umri wa miaka 30 hivi, fundi anayejenga huwa mbele au angalau sambamba na mwenzake. Baada ya hapo anayebomoa huanza kumzidi taratibu, na kwa mwanamke kasi hiyo hupanda ghafla anapokoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa inamzuia mbomoaji imepungua. Ukikata mfupa wenye afya na kuutazama ndani, utaona vijitundu vingi vyenye kuta imara, mfano wa sega la nyuki. Katika osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu, kuta hizo zimekonda na nyingine zimekatika kabisa, ingawa kwa nje mfupa unaonekana vile vile. Mifupa inayovunjika zaidi ni ya kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo, bega na nyonga.

Ugonjwa huu hauumi. Kinachouma ni mfupa uliokwisha kuvunjika, na hata hapo pingili nyingi za mgongo husagika bila mgonjwa kujua, akidhani ni uchovu wa shamba. Kibiongo anachokipata bibi uzeeni mara nyingi ni pingili zilizobonyea moja baada ya nyingine. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu katika kanda yetu ya Ziwa wanawake wazee wamewahi kutuhumiwa uchawi na hata kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo yanaweza kuwa matokeo ya miaka mingi ya moshi wa kuni. Mgongo uliopinda nao una maelezo yake, na maelezo hayo yamo ndani ya mfupa.

Unyonge wa uzeeni ni jambo la pili, ambalo huenda pamoja na la kwanza ingawa si kitu kimoja. Misuli inapungua, mwili unakosa akiba, na ugonjwa mdogo ambao kijana angeulala siku mbili unamwangusha mzee kwa mwezi mzima. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walipendekeza alama tano za kuutambua: kukonda bila kukusudia, kuchoka kila mara, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo kuwa wa polepole, na kupungua kwa shughuli za kila siku. Mwenye alama tatu au zaidi huhesabiwa kuwa mnyonge, na mwenye moja au mbili yuko njiani. Ni neno hilo "njiani" ninalotaka ulishike, kwa kuwa mtu aliyeko njiani anaweza kurudishwa.

Kumpima mzee nyumbani

Huhitaji mashine. Chukua kiti kisicho na mikono, chenye kimo cha kawaida, ukiegemeze ukutani ili kisirudi nyuma. Mwambie mama au baba akae, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa mara tano mfululizo bila kujishika, huku wewe ukihesabu sekunde kwa simu na ukiwa umesimama karibu naye. Akizidi sekunde 15, au akishindwa kabisa kunyanyuka bila mikono, miguu yake imeanza kuishiwa nguvu. Kisha pima mita nne sakafuni au uani na umwombe atembee kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde tano, mwendo wake umepungua kiasi cha kutiliwa maanani. Siku nilipompima mama, alitumia sekunde 23 kwenye kiti, naye mwenyewe ndiye aliyeshangaa zaidi kuliko sisi.

Kwa kimo, msimamishe bila viatu akiwa ameegemea fremu ya mlango, weka kitabu bapa juu ya kichwa chake, na uchore mstari kwa chaki pamoja na tarehe. Mtu aliyepungua sentimita nne au zaidi kutoka kimo chake cha ujana huenda ana pingili zilizobonyea, na anastahili picha ya eksirei ya mgongo hata kama halalamiki. Kimo cha ujana kinaweza kukosekana kwenye karatasi, lakini gauni la zamani ambalo sasa linaburuta chini linasema mengi. Mengine muulize kwa maneno ya kawaida: je, bado anakamua nguo mwenyewe, je, sketi zinamlegea kiunoni, je, ameacha kwenda sokoni au kwenye jumuiya, na ameanguka mara ngapi tangu mwaka jana. Swali hilo la mwisho liulize kwa heshima na faraghani, kwa sababu wazee wengi huficha kuanguka wakihofia kuzuiwa kutoka nje.

Kuna wazee ambao unapaswa kuwa na shaka nao mapema. Ni mwanamke aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45 au aliyeondolewa mifuko ya mayai, mtu mwembamba sana, anayevuta sigara au kunywa pombe nyingi, ambaye mzazi wake alivunjika nyonga, na mwenye baridi yabisi, kisukari au ugonjwa wa tezi ya shingo. Wanaoishi na virusi vya ukimwi wako katika hatari zaidi pia, na dawa ya tenofoviri iliyomo kwenye mchanganyiko unaotumika sasa hupunguza kidogo uzito wa mfupa. Hiyo si sababu ya kuacha dawa hata siku moja, bali ni sababu ya kumweleza mhudumu wa kliniki kuhusu kuanguka au mfupa uliovunjika.

Nataka kukaa kidogo kwenye prednisoloni na deksamethasoni, zile ambazo madukani huitwa predi na deksa. Wazee wengi huzinunua bila cheti kwa ajili ya mgongo na magoti, kwa sababu siku ya kwanza zinaleta nafuu ya ajabu. Zikitumiwa kwa miezi mitatu au zaidi, ni miongoni mwa dawa zinazodhoofisha mfupa kwa kasi kuliko zote. Ukikuta vidonge hivyo chini ya mto wa bibi, usimnyang'anye wala usimwachishe ghafla, kwani mwili uliozizoea unaweza kuporomoka. Mpeleke kwa daktari pamoja na pakiti zake ili apunguziwe hatua kwa hatua.

Kwenda hospitali na maswali mkononi

Kipimo maalumu cha uzito wa mfupa huitwa DEXA, na majibu yake hutolewa kwa namba. Ikiwa namba hiyo ni 2.5 au zaidi chini ya sifuri, mtu huhesabiwa kuwa na osteoporosisi. Mashine hiyo haipo kila mahali. Habari njema ni kwamba mzee aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kidogo anaweza kutambuliwa na kuanza matibabu bila kipimo hicho, kwa hiyo familia isikae nyumbani ikisubiri safari ya mashine. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, muombe rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa ya Sekou Toure, na inapobidi Bugando, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda.

Mbele ya daktari semeni wazi: "Mama ana miaka kadhaa, alivunjika mkono kwa kuteleza, amepungua kimo, tunaomba aangaliwe udhaifu wa mifupa." Muulizeni pia kama damu ipimwe kuangalia figo, kalsiamu, wekundu wa damu na tezi, kwa sababu mfupa unaweza kuvunjika kwa ugonjwa mwingine, ikiwemo saratani iliyosambaa. Bebeni dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, za hospitali na za kienyeji. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za presha na za kuongeza mkojo humfanya mzee ayumbe, na daktari hawezi kurekebisha asichokiona. Ombeni apimwe presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama kwa dakika moja hadi tatu; namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hapo pana sababu ya kizunguzungu cha asubuhi. Macho yapimwe, kwani mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mzee asiyeona ukingo wa ngazi ataendelea kuanguka hata mkimlisha dagaa gunia zima.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na inasisitiza matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii kufuatilia kitambulisho cha mzee kabla ugonjwa haujaingia, na mkifika hospitali ulizieni dirisha la wazee. Pamoja na hayo wekeni akiba ya fedha za kununulia dawa, kwa maana dawa za mifupa huenda zisiwepo kwenye duka la dawa la hospitali siku mnayozihitaji.

Dawa inayoandikwa mara nyingi ni alendronati ya miligramu 70, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki. Ni dawa yenye masharti, na wengi huiacha kwa sababu hawakuelezwa. Mzee aimeze alfajiri akiwa hajala kitu, kwa glasi nzima ya maji matupu, wala si kwa chai, maziwa au uji; kisha akae wima, asimame au atembee kwa nusu saa bila kulala wala kula. Akilala, kidonge kinaweza kuchoma koo la chakula. Sisi tulichagua Jumapili: mama anameza kabla ya kuoga, na akimaliza kujiandaa kwa misa nusu saa imekwisha, ndipo anapokunywa chai. Mzee asiyeweza kukaa wima, anayekwama chakula kooni au mwenye figo zilizochoka sana hapaswi kuitumia, na kwake zipo njia nyingine kama dripu ya asidi ya zoledroniki inayotolewa mara moja kwa mwaka, nayo pia huangaliwa kwanza na vipimo vya figo. Meno mabovu yashughulikiwe kabla ya kuanza dawa hizi. Akianza kupata maumivu mapya ya paja au kinena yasiyoisha, arudi hospitali mapema, na baada ya miaka kama mitano daktari aamue upya kama aendelee.

Chakula: ziwa limetupa nini

Mzee anahitaji kalsiamu kati ya miligramu 1,000 na 1,200 kwa siku, na kikombe kimoja cha maziwa au mtindi hutoa takriban 300. Kwa wengi wetu vikombe vinne vya maziwa kila siku ni ndoto. Lakini dagaa wa ziwa letu huliwa na mifupa yake, na kalsiamu imo humo humo ndani ya mifupa. Sangara na sato ni samaki wazuri kwa protini, ila mifupa yao tunaitupa. Kwa mfupa wa mzee dagaa anawashinda wote wawili, na sioni aibu kumtetea samaki ambaye watu humwita chakula cha walalahoi.

Mzee asiye na meno hawezi kutafuna dagaa wakavu, ndiyo maana nyumbani kwetu huwa tunasaga. Nunua waliokaushwa kwenye chanja badala ya wale wa mchangani, wawe na rangi ya fedha na wasiwe na harufu kali. Wachambue, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu mpaka maji yasiache chembe za mchanga chini ya beseni, kisha waanike wakauke kabisa. Wakaange bila mafuta kwenye moto mdogo wa mkaa, ukigeuza mfululizo, mpaka uti wa dagaa ukiubana kwa vidole unavunjika kwa mlio. Usiwatoe uti wala kichwa. Twanga kwenye kinu, chekecha, na urudishe chenga kinuni hadi unga uwe laini, kisha uhifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Vijiko viwili vya mezani ndani ya mchuzi wa nyanya, kwenye mboga za majani au kwenye maharage havibadilishi ladha sana, hasa ukikamulia ndimu. Hatutumii dagaa waliotiwa chumvi, kwa sababu ya presha.

Mchicha una madini mengi, ila una kitu kinachoishikilia kalsiamu yake isifyonzwe vizuri. Sukuma wiki, kabichi na majani ya kunde hufaa zaidi kwa kazi hii, ingawa mchicha usiachwe. Vidonge vya kalsiamu hutumiwa pale chakula kinaposhindwa kufikisha kiasi, kwa ushauri wa daktari.

Kosa kubwa ninaloliona kwenye nyumba za wazee ni kukosa protini. Bibi anakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo asubuhi, mchana anakula ugali kidogo kwa mchuzi kwa kuwa nyama ameachiwa baba na samaki wameachiwa wajukuu, na jioni anasema ameshiba. Mzee anahitaji angalau gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito wake, na ikiwezekana gramu 1.2, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo ambaye daktari amempangia vingine. Kwa mama wa kilo 50 ni gramu 50 hadi 60 kwa siku: yai lina gramu sita hivi, kikombe cha maziwa gramu nane, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 20. Igawanye protini kwenye milo yote mitatu badala ya kuirundika usiku. Michembe anayoipenda, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, isiliwe peke yake. Ipikiwe na karanga, au ifuatwe na mtindi.

Vitamini D, inayosaidia kalsiamu kuingia mwilini, hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Mwanza iko karibu sana na ikweta na jua ni la kumwaga, lakini mzee anayekaa ndani siku nzima, au anayetoka akiwa amejifunika sweta na kitenge hadi viganjani, hanufaiki nalo. Atoke wakati kivuli chake kimekuwa kifupi kuliko kimo chake, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa dakika 20 hadi 30, akiwa na maji ya kunywa karibu. Asiyeweza kutoka aulizie vidonge.

Mazoezi na kuinama

Misuli ya mtu wa miaka 80 bado hujibu ikifanyishwa kazi. Zoezi la kwanza ni kile kile kipimo cha kiti. Mama alianza kwa kusimama na kukaa mara tatu, akijisaidia kwa mikono juu ya mapaja. Kila wiki tukaongeza moja, hadi akafika kumi bila mikono, akipumzika na kurudia. Anafanya hivyo siku tatu au nne kwa wiki, kabla ya chai ya saa nne. La pili anashika nondo za dirisha na kunyanyua visigino taratibu, kisha kuvishusha taratibu zaidi. La tatu ni la kujenga uwiano wa mwili: ukuta uko kulia kwake, mimi niko kushoto, naye anasimama mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, akihesabu hadi kumi. Anapoweza bila kuyumba anaacha kugusa ukuta, ila ukuta hauondoki. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kuwa vyuma vya mikono. Kutembea ni kuzuri sana kwa moyo na kwa furaha, lakini kutembea peke yake hakutoshi kuzuia kuanguka.

Mwenye mgongo uliokwisha kubonyea aepuke kujikunja mbele, na hapo ndipo maisha yetu ya kila siku yanapoleta shida. Fagio la chelewa linamlazimisha mama afagie uwanja mzima akiwa amepinda. Lifungwe kwenye mpini mrefu ili afagie akiwa wima. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya matofali, beseni la vyombo liwekwe mezani, na maji achote kwa kidumu cha lita tano kilichobebwa karibu na mwili, huku akikunja magoti anapokinyanyua.

Nyumba kwenye mawe

Wanaoishi Mabatini, Igogo, Bugarika au Isamilo wanajua kwamba njia ya kwenda nyumbani ni jiwe juu ya jiwe, na mvua ikinyesha mawe hayo huteleza kama yamepakwa sabuni. Kingo za ngazi zipakwe chokaa nyeupe ili zionekane hata jioni, na bomba au mti imara ufungwe pembeni kama mkono wa kushikia. Kandambili zilizolika nyayo zitupwe leo, badala yake atafutiwe viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Kitanda na kigoda viwe na kimo cha magoti yake. Tulipandisha kitanda cha mama kwa matofali manne, tukayajaribu kwa kukaa watu wawili kabla yeye hajalala.

Choo ndicho kinachoangusha wengi, hasa usiku. Kuchuchumaa na kuinuka juu ya choo cha shimo kunahitaji nguvu ambayo mzee mnyonge hana. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kikakaa juu ya shimo, na bomba likachimbiwa kando yake. Usiku wekeni ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda na tochi yenye kamba inayovaliwa shingoni, kwa sababu umeme hukatika. Kabla ya kusimama akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu mara kumi, kisha ndipo anyanyuke.

Bakora ilitugharimu majadiliano marefu. "Mwanangu, nikishika fimbo watu watasema nimekwisha," aliniambia. Nilimjibu, "Hapana mama, watasema umefika kanisani." Hakucheka, lakini mjukuu wake alipomchongea ya mpera aliipokea. Bakora ifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama mikono ikining'inia, ncha ivalishwe mpira uliokatwa kwenye tairi, na ishikwe mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu. Wengi huishika upande wa mguu unaouma, na hiyo humzidishia mzigo.

Akianguka

Msimvute mikono kumwinua. Muulizeni kwanza panapouma. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwingine na wayo umegeukia nje, au akishindwa kabisa kuukanyagia, chukulieni kuwa nyonga imevunjika. Wekeni kanga iliyokunjwa katikati ya miguu, ufungeni mguu unaouma pamoja na ule mzima bila kubana, mlazeni kwenye mlango au ubao mpana, na watu wanne wamteremshe hadi barabarani. Asipandishwe bodaboda hata mara moja, na hata bajaji hapana, kwa kuwa anahitaji kulala. Mwambieni daktari saa aliyokula mara ya mwisho na dawa anazotumia.

Najua kwamba katika familia nyingi mtu wa kwanza kuitwa ni fundi wa kuunga mifupa. Namwomba kila msomaji jambo moja: nyonga isikandwe. Mfupa huo uko ndani sana, haushikiki kwa kufunga vijiti, na kila siku ya kusubiri inamlaza mzee chali, ambako nimonia, damu kuganda na vidonda vya mgongoni humkuta. Matibabu bora kwa wengi ni upasuaji, ikiwezekana ndani ya siku mbili, na kusimamishwa siku inayofuata. Akilazimika kusubiri, ageuzwe kila baada ya saa mbili, apumue kwa kina mara kumi kila saa akiwa macho, anywe maji ikiwa hajakatazwa, na asinyimwe dawa ya maumivu, kwa maana mwenye maumivu hakohoi wala hasogei. Siku ya kuruhusiwa ulizeni tena lile swali ambalo sisi hatukuliuliza: dawa ya mifupa inaanza lini, na mtaalamu wa mazoezi tiba atamwona wapi?

Baada ya hapo weka tarehe ya kurudia vipimo vya nyumbani kila baada ya miezi mitatu, kwa kiti kile kile na mstari ule ule wa chaki. Mama yangu sasa ana miaka 72. Mwezi uliopita alitumia sekunde 14 kwenye kiti, na mstari wake kwenye fremu ya mlango umekaa pale pale ulipokuwa mwaka jana.